Injini Ndogo Kuliko ya Noah

Injini ya gari la mume wangu ni ndogo kuliko ya Noah. Si maneno yangu, ni ya kadi ya gari. Toyota Noah, lile gari la mlango wa kusukuma linalobeba wanafunzi asubuhi, jeneza mchana na maspika ya harusi jioni, lina injini ya cc 1,998. Subaru Impreza WRX ya Baba Pacha ina cc 1,994. Hata kule bandarini, ushuru wa bidhaa unaokwenda kwa ukubwa wa injini huyatia magari hayo mawili kapu moja. Basi ni kwa hizo cc nne ndipo nilipobwagwa. Mimi nilitaka Noah. Nina watoto wawili waliozaliwa siku moja, nina mama mkwe asiyesafiri bila debe la kitu fulani, na ninaoka keki za watu: za kipaimara, za sendofu, za harusi. Yeye akaitandaza kadi mezani, akaweka kidole kwenye ile namba, akasema kwa sauti ya mtu anayenihurumia, "Mama Pacha, soma mwenyewe. Tunachukua dogo, tunabana matumizi."

Habari ya konokono hakuisema.

Konokono ni jina nililompa mimi. Wenyewe wanamwita turbo. Ni dude la chuma lililojikunja kama konokono, linakaa nyuma ya injini, na siku nilipoliona kwa mara ya kwanza lilikuwa limelala juu ya gazeti kwenye meza yangu ya chakula, pembeni ya vikombe. Fundi alikuwa amelifungua ili atazame kama shafti yake inacheza. Niliponuna akaona anitulize kwa elimu, na tangu siku hiyo nimeelimishwa kiasi cha kuweza kufungua darasa. Moshi wa injini, badala ya kutoka zake moja kwa moja, unapitishwa ndani ya konokono na kuzungusha kijipangaboi. Kijipangaboi hicho kimeshikana kwa shafti moja na mwenzake wa upande wa pili, na huyo wa pili kazi yake ni kuvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo inazidishwa, na injini ndogo inafanya kazi ya injini kubwa. Shafti hiyo, nene kama penseli tu, huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Na dogo tulilochukua ili kubana matumizi, konokono akiamka, linakunywa kama kubwa.

Nguvu zake haziniumizi kichwa. Kinachoniumiza ni joto. Mimi keki ya kawaida naichoma kwenye nyuzi 180. Moshi unaomzungusha konokono, gari likikimbizwa, hupita nyuzi 800. Mtu akikwambia anaishi na gari la turbo, mwonee huruma kwa sababu hiyo kuliko nyingine. Tangu gari lile liingie getini kwetu Tabata, ugomvi wetu wote, ukiufuata hadi kwenye shina lake, unakuta ni wa kitu fulani kilichopata joto au kinachotafutiwa njia ya kupoa.

Ugomvi wa kwanza, hata hivyo, ulikuwa wa kelele. Injini ya Subaru imelala. Pistoni zake nne hazipandi na kushuka, zinakwenda kulia na kushoto, mbili huku na mbili kule, na mabomba ya moshi ya upande mmoja ni marefu kuliko ya upande wa pili. Kwa hiyo moshi haufiki kwa konokono kwa mpigo ulio sawa. Unafika kwa kudunda. Ndio ule mlio wa dugu-dugu-dugu ambao vijana huusikia kutoka mtaa wa tatu wakageuza shingo. Likiwashwa la baridi linapandisha resi lenyewe kwa muda, na Baba Pacha anaingia kazini mapema, kwa hiyo dugu-dugu hiyo ilikuwa inaanza saa kumi na moja alfajiri chini ya dirisha la mzee mmoja mstaafu, ambaye mjukuu wake mchanga ndiyo kwanza anakuwa amelala.

Akaja mjumbe wa shina. Mtu mzima, kofia mkononi, akakataa hata kukaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Nimekuja kwa heri tu. Naomba kuuliza, lile trekta lenu mnaliwasha saa ngapi?"

Nilimwona Baba Pacha akimeza mate. Malalamiko angeyapokea, lakini kuitiwa Subaru trekta! Alianza kumweleza mzee wa watu kwamba gari aina hii, Impreza, ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1997 likiendeshwa na Colin McRae. Mjumbe akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akasema, "Sawa baba. Lakini hapa kwetu hakuna mashindano." Wakakubaliana kwamba gari lisiwashwe ndani ya mtaa kabla ya saa kumi na mbili na nusu.

Ndipo tukaanza kulisukuma. Njia yetu ina kamteremko kuelekea barabara ya lami, kwa hiyo Baba Pacha hushika usukani kupitia dirishani, mimi na pacha tunasukuma kwa nyuma, gari linateleza kimya mpaka pembeni ya duka la mkaa, na hapo ndipo linapowashwa. Mtaa mzima ukajua Subaru limekufa. Nikienda gengeni napewa pole. "Pole na gari, shemeji, hivi bado tu halijapata fundi?" Mama mmoja wa jumuiya alinishika mkono baada ya ibada akanishauri tuliuze chuma chakavu kabla halijatumaliza. Nilianza kwa kukanusha, halafu nikaona pole za watu ni kitu kizuri, nikawa napokea.

Jioni ni zamu ya dakika mbili. Gari likishaingia ndani na geti kufungwa, Baba Pacha hazimi. Analiacha sailensa, tumekaa wote ndani, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu, eti konokono apoe. Hoja yake si ya kupuuzwa. Shafti ile inaelea kwenye oili, na ukizima ghafla baada ya kukimbiza, oili inasimama kuzunguka huku chuma bado ni moto, inaungua, inaacha masizi magumu, na konokono anaanza kufa taratibu. Fundi wetu, kijana wa Kinondoni mwenye maneno machache, alimpinga mbele yangu. Alisema konokono wa gari hili hapozwi na oili peke yake, anapozwa na maji pia. Injini ikishazimwa, maji ya moto yaliyo ndani yake yanapanda yenyewe kwenda kwenye kitangi kilichoko juu ya injini, na yaliyopoa yanashuka kuchukua nafasi, mpaka joto liishe. "Na zaidi, bosi, kutoka lami hadi hapa kwako ni mashimo matupu. Unakuja kwa mwendo wa mtu aliyebeba maji kichwani. Ukifika getini turbo ilishapoa kitambo."

Mimi naona fundi ana haki. Lakini sikumuunga mkono, kwa sababu zile dakika mbili zina faida zake. Kwetu, ndani ya gari hilo ndipo mahali pekee ambapo Baba Pacha hana simu mkononi, hana taarifa ya habari, na hawezi kunyanyuka akaondoka. Nikagundua hivyo nikaanza kutunza mambo mazito ya hapo. Ada za watoto wote wawili zilipitishwa hapo. Suala la mdogo wake kuja kukaa kwetu "kwa wiki moja" lilikataliwa hapo. Pacha wao wanaotaka kwenda chooni wameshajifunza kushuka na kukimbia, mlango wakiuacha wazi, na baba yao akipiga kelele kwamba mbu wanaingia.

Sasa foleni. Wanaume wanaoinua vidole gumba barabarani wakiliona lile tundu la juu ya boneti wangekaa pamoja nami Buguruni saa kumi na mbili jioni, wangeacha. Lile tundu si urembo. Hewa ikishindiliwa inapata moto, na hewa ya moto ni nyepesi, haifai. Kwa hiyo inapitishwa kwanza kwenye kipoza hewa, mafundi wanakiita intakula, ambacho kwenye gari hili kimelazwa juu ya injini, chini kabisa ya tundu hilo. Gari likienda, upepo unaingia, intakula inapoa. Gari likisimama, upepo hakuna, na joto lote la injini linapanda kumpika aliyekaa juu yake. Baada ya nusu saa ya foleni ya Mandela, gari la kutisha linakuwa zito, kompyuta yake inajihami, ukikanyaga mafuta linaguna. Bajaji zinatupita. Mwenye guta la maji alishatupita akatupungia mkono.

Siku moja nilikuwa na keki ya ngazi tatu kwenye buti, ya sendofu Sinza, nimeipaka krimu ya siagi nyeupe na maua ya rangi ya zambarau, kwa sababu ndiyo iliyokuwa sare ya kamati. Baba Pacha akaomba kwa upole tuzime kiyoyozi ili kumpunguzia mwenzetu mzigo. Mwenzetu ni injini. Nikageuka nyuma nikaona ua la kwanza linashuka. Halikuanguka, lilishuka polepole ubavuni mwa keki kama lina shughuli kule chini, likaacha njia ya zambarau. Nilirudisha kiyoyozi bila kuomba ruhusa, sindano ya joto ikapanda, na kuanzia hapo safari yote ilikuwa ni kura kati ya keki na injini, kila mmoja akiangalia cha kwake. Spring za gari hilo ni ngumu kama benchi la shule, kwa hiyo kila tuta la Shekilango liliongeza la kwake. Tulifika keki imeinama kidogo kuelekea magharibi. Nilizungusha sahani, upande ulioinama ukatazama ukuta, nikasubiri mpaka bibi harusi alipokata kipande cha kwanza ndipo nikapumua.

Lakini kisa chenyewe, kile ambacho mpaka leo shemeji zangu wakija huomba nikisimulie, ni cha klipu.

Ilikuwa Jumapili. Mimi na pacha tulikuwa kanisani, na kwaya ilichelewa kutoka kwa sababu ya mazoezi. Nyumbani, Baba Pacha, fundi na kijana wake walikuwa wamefungua boneti tangu asubuhi, kisa matone ya maji. Ule mpira mwembamba unaopeleka maji kutoka kwa konokono hadi kwenye kitangi ulikuwa umechakaa. Wakaukata wakaweka mpya. Klipu ya kuubana ilipofunguliwa ikakatika, kutu tupu. Jumapili Gerezani maduka ya spea yamefungwa. Wenye busara wangefunga boneti, wakanawa mikono, wakala.

Nilirudi nikakuta wanaume watatu wanacheka, gari linaunguruma, hakuna tone chini. Nikafurahi nao. Nikaingia jikoni nivae aproni, maana nilikuwa na oda ya keki mbili za kipaimara za kuchukuliwa kesho yake saa mbili asubuhi, na unga nilikuwa nimeshachekecha. Nikawasha kiberiti, nikazungusha kitufe cha oveni. Kimya. Nikainama kutazama mtungi. Ulikuwa umefungwa vizuri kabisa, rigyuleta imetolewa na kuwekwa juu ya stuli, na mpira wa gesi umekunjwa kwa heshima zote, umefungwa na uzi, ncha yake imetiwa ndani ya mfuko wa nailoni ili vumbi lisiingie. Mtu aliyeiba kwa unadhifu ule alijua anamwibia nani.

Nikatoka nje.

"Baba Pacha, klipu yangu ya gesi iko wapi?"

Fundi akatazama angani. Kijana wake akaanza kukusanya spana moja moja. Baba Pacha akasema, "Klipu gani hiyo tena?" na hapo Kulwa, mmoja wa pacha, aliyekuwa ameshainama juu ya injini na kanzu yake ya kwaya, akasema kwa sauti ya mtoto anayejibu swali la darasani, "Hii hapa mama, iko kwa konokono."

Ilikuwepo kweli. Naijua klipu yangu. Ina doa la rangi ya kijani tulipopaka kabati. Imekaza mpira wa maji barabara, kama ilizaliwa pale. Nikasema itolewe. Fundi akajibu kwa unyonge kwamba injini ni ya moto, mfumo una presha, ukifungua sasa maji yatamchoma mtu, mpaka ipoe. Ipoe! Nikauliza inapoa saa ngapi. Baba Pacha akasema, "Kama saa moja hivi, au mbili," nikaona jua linashuka na unga wangu unaningoja.

Aliyeniokoa ni mke wa yule mzee mstaafu, yule yule wa trekta. Alisikia sauti yangu kupitia ukutani, naamini na mtaa mzima ulisikia, akaniita. Akatoa jiko la mkaa, sufuria kubwa na mchanga. Mchanga unatandazwa ndani ya sufuria kubwa, bati la keki linakaa juu ya mchanga, unafunika, halafu unapanga makaa juu ya mfuniko na mengine machache chini. Ndivyo tulivyojifunza wote kwa mama zetu kabla ya oveni, na mkono hausahau: unasogeza uso karibu na mfuniko, joto likikupiga shavuni bila kukuchoma, basi ni sawasawa. Niliwakabidhi wanaume wale watatu mapepeo. Walipepea zamu kwa zamu hadi saa tano usiku, macho mekundu, Baba Pacha akiwa na jivu kwenye nyusi, na mama mwenye jiko akikaa kwenye mkeka akiwasimamia na kumuuliza kila baada ya muda, "Na hilo trekta, baba, limepona?" Keki zilitoka kahawia safi. Mwenye oda alirudi wiki ya pili akataka nyingine "zenye ile harufu". Nilimtajia bei ya juu.

Jumatatu Baba Pacha alirudi na pakiti nzima ya klipu, akaipigilia kwenye msumari jikoni bila kusema neno. Ile yangu mpaka leo iko kwa konokono. Fundi anasema kilichoshika hakiguswi.

Tumaini langu lote la kubadilisha gari nilikuwa nimeliweka kwa baba yangu mzazi, Iringa. Baba ni mtu wa hesabu, amekuwa mwalimu maisha yake yote. Nilijua akiliona gari, akisikia linavyokula, atasema neno moja na mkwewe atatii. Kwa hiyo mwisho wa mwaka nilikubali twende nalo badala ya basi.

Kutoka Dar hadi Morogoro sina cha kuwasimulia. Ni vibao vya 50, vijiji, tochi za trafiki, na madereva wanaokuja wakituwashia taa kutuonya. Gari la rali lilikwenda hamsini nyuma ya lori la mbao kama kila mtu, na Baba Pacha alikuwa mpole ajabu. Mikumi tulikwenda polepole kwa ajili ya wanyama, pacha wakahesabu twiga. Ruaha Mbuyuni tukanunua gunia la vitunguu, maana kupita Mbuyuni bila vitunguu ni kumtukana mama yako, tukalisukumiza nyuma ya kiti.

Halafu Kitonga. Asiyeujua mlima Kitonga ajue kwamba barabara ile ndiyo inayobeba mizigo ya Zambia na Kongo kutoka bandarini, na malori yake hupanda yakiwa yameshikana mkia, korongo upande mmoja, mwamba upande wa pili. Magari madogo nayo hupata shida. Kadiri unavyopanda hewa inapungua uzito, na injini ya kawaida, inayovuta hewa kwa mapafu yake yenyewe, inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Mbele yetu palikuwa na Noah. Nasema kweli tupu. Imejaa watu, mizigo juu ya keria, inalia kwa gia ya kwanza nyuma ya lori, na moshi wa lori unaingia kwao wote.

Tulipofika kipande kilichonyooka, panapoonekana mbele na panaporuhusiwa, Baba Pacha akashusha gia na kukanyaga. Kwanza hakukuwa na kitu. Ndivyo konokono alivyo, lazima moshi umfikie kwanza ndipo aamke. Unakanyaga, unahesabu moyoni, unaanza kujuta. Kisha nikasikia mluzi mwembamba unapanda, na mgongo wangu ukashikwa na kiti. Gunia la vitunguu likarudi nyuma likapiga mlango wa buti, du! Pacha wakapiga yowe la furaha. Noah ikapita ubavuni, lori likapita, lori la pili likapita, Baba Pacha akaachia mafuta, na ile valvu ya kutolea hewa aliyoifunga mwenyewe ikatema pshhh. Hatukuwa tumefika hata mwendo wa kumshangaza trafiki. Ilikuwa ni kule kupanda mlima kana kwamba mlima haupo. Nilinyamaza hadi Ilula. Pale tukanunua nyanya, na nikasema naomba tenga lifungwe kamba.

Baba alitusubiri uani. Sisi alitusalimia kwa kupita, macho yako kwenye gari. Akalizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Hili ndilo la McRae?"

Nikajua nimekwisha. Kumbe mzee alisikiliza rali redioni miaka yote. Akaketi kwenye kiti cha mbele, mlango wazi, akatuanzia tangu mwanzo: kwamba mashindano yale yalianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwamba wao wakiwa vijana walikuwa wanasimama kando ya barabara ya vumbi kungoja magari, na likipita moja mnabaki weupe kama mmetoka kusaga, kwamba Bert Shankland, mtu wa hapa hapa Tanzania, alishinda mfululizo 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari lisilo na turbo wala nini. Nikadakia, "Umeona baba, bila turbo!" Akanitazama kama mwanafunzi aliyekatiza somo. "Shankland angeipata turbo, angeikataa?" Jumapili alitaka apelekwe kanisani nalo, na aliposhuka akamwomba mkwewe apige ile pshhh mara moja mbele ya wazee wa baraza. Habari ya Noah nilipoigusia wakati wa chai, alisema ni gari zuri sana kwa misiba.

Tuliporudi Dar, nilichobaki nacho ni daftari. Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama, kwa hiyo hesabu siogopi. Niliandika kila kitu upande wake: oili, ambayo kwa gari la turbo haisubiri, petroli ya bei ya juu pale inapopatikana kwa sababu ya kawaida huifanya injini igonge ikibanwa, tairi, na mkanda wa taiming ambao ukikatika valvu na pistoni zinakutana na injini imekwenda. Baba Pacha alitaka mkanda usubiri bonasi ili kwanza anunue rimu. Mkanda niliulipia mimi, risiti nikaibandika kwenye daftari.

Basi Jumamosi moja akagonga geti kijana mtanashati, miwani kichwani.

"Shikamoo mama. Samahani, nimesikia mna Subaru bovu mnauza. Kila nikipita alfajiri nawaona mnalisukuma." Akataja bei yake. Ilikuwa bei ya jokofu.

Nikamwita Baba Pacha, nikamwambia awashe. Saa nne asubuhi ilikuwa, saa halali. Dugu-dugu ikajaa ua mzima, kijana akavua miwani. Akainama chini ya boneti, akasikiliza, akagusa, akauliza mkanda umebadilishwa lini. Nikamletea daftari na risiti. Akapandisha bei palepale, mara mbili, halafu mara tatu. Baba Pacha alikuwa kimya, anafuta kioo ambacho kilikuwa kisafi. Nilimwomba kijana aniandikie ile bei ya mwisho kwenye karatasi, na namba yake ya simu, nikamwambia tutafikiri. Akaondoka akigeuka geuka nyuma.

"Mama Pacha, ulikuwa unauza kweli?"

"Nilikuwa natafuta thamani yake. Kikoba hawakopeshi kwa maneno."

Wiki iliyofuata niliomba mkopo wa oveni kubwa, ya sinia sita, na dhamana nikaweka gari. Kadi yake ni ya jina la Baba Pacha, akaja mwenyewe kusaini mbele ya akina mama thelathini, na mke wa mzee mstaafu akauliza kwa sauti kama trekta linakubalika. Lilikubalika. Kadi imelala ndani ya kisanduku cha kikoba chenye kufuli tatu, funguo zake kwa akina mama watatu tofauti, na masharti yameandikwa: dhamana haibadilishwi chochote bila idhini ya kikundi.

Juzi amekuja na picha kwenye simu, ekzosi nene, anasema itampunguzia konokono joto. Nimemwambia aandike barua, ailete kikaoni Jumamosi, na wadhamini wawili.